Mbwa, Maji na Mwananchi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wakazi wa Kiamunyi, Nakuru. Tunaichapisha kama ilivyotolewa.)



Tumeombwa tuzungumze juu ya Katiba na utawala wa mashinani. Huenda wengine wenu mmekuja mkitarajia kusikia habari za Ikulu, za Bunge, za tume ya uchaguzi na za vyama. Hizo ni habari nzito, nasi tumezizungumza katika mikutano mingi. Leo tumeamua kuzungumza juu ya mambo mawili ambayo wanasiasa huyaona kuwa madogo mno kwa jukwaa: ndoo ya maji na mbwa wa jirani. Tunaomba msicheke. Mwananchi wa kawaida hakutani na serikali yake Ikulu. Hukutana nayo kwenye mfereji mkavu, na mlangoni pake askari wa kanju anapobisha kuuliza kibali cha mbwa. Ikiwa mageuzi hayajafika hapo, basi hayajafika.

TULIKOTOKA

Mnamo Juni 1982 Katiba ya zamani ilitiwa kifungu cha 2A, kilichoifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kwa sheria. Kifungu hicho kilifutwa Desemba 1991, na mwaka uliofuata, tarehe 29 Desemba 1992, nchi ikapiga kura ya vyama vingi. Sisi tulio katika miaka ya arobaini leo tulikuwa watoto siku hizo. Tuliwaona wazazi wetu wakipanga foleni tangu alfajiri. Wengi walidhani kazi imekwisha. Haikuwa imekwisha, kwa maana chama kimoja hakikuwa kifungu cha sheria tu. Kilikuwa pia mazoea ya kutawala, na mazoea hayo yalikuwa yameteremka mpaka kijijini.

Tazameni jinsi serikali za mitaa zilivyoendeshwa. Sheria ya Serikali za Mitaa, Sura ya 265, ilizipa halmashauri mamlaka ya kutunga sheria ndogo kwa ajili ya afya, usalama na ustawi wa wakazi. Diwani alichaguliwa nanyi, lakini sheria ndogo aliyoipitisha haikuwa na nguvu mpaka Waziri aliyeketi Nairobi aiidhinishe. Waziri huyo huyo aliweza kuwateua madiwani wengine ambao hakuna aliyewapigia kura. Mji mkuu wenyewe ulinyang'anywa baraza lake lililochaguliwa mwaka 1983, ukaendeshwa na tume ya kuteuliwa hadi uchaguzi wa 1992.

Huku mashambani palikuwa na Sheria ya Mamlaka ya Machifu, Sura ya 128. Chifu aliweza kutoa amri za kuzuia uchafuzi wa maji, au za kuzuia kuenea kwa maradhi ya watu na ya wanyama, na aliyekaidi alishtakiwa. Tuwe wakweli: baadhi ya amri hizo zilikuwa njema. Nani kati yetu anataka mto uchafuliwe? Kasoro ilikuwa kwamba mwananchi aliambiwa, hakuulizwa. Ndiyo maana sheria hiyo ilikuwa miongoni mwa zile zilizopunguzwa makali katika mapatano ya wabunge wa vyama mwaka 1997.

ORODHA MOJA, AYA TATU

Katiba tuliyoizindua tarehe 27 Agosti 2010 iliupindua mpango huo. Ifungueni katika Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, mwone kazi walizokabidhiwa magavana na mabunge ya kaunti. Aya ya 6 inataja udhibiti na ustawi wa wanyama, pamoja na utoaji wa vibali vya mbwa. Aya ya 11 inataja kazi za umma za kaunti, zikiwamo huduma za maji na usafi. Aya ya 14 inaiagiza kaunti kuhakikisha na kuratibu ushiriki wa jamii katika utawala wa mahali pao.

Mbwa, maji na mwananchi: vyote vimo katika orodha moja. Wala aya ya 14 haikuandikwa kama pambo. Ndiyo mlango wa kuziingilia zile nyingine. Hata hivyo, tangu serikali za kaunti zilipoanza baada ya uchaguzi wa Machi 2013, tumejifunza jambo moja kuhusu tabia ya watawala, wawe wa chama gani. Kibali huleta ada. Bomba hula fedha. Kwa hiyo kila serikali hushawishika kuikimbilia aya inayojaza mfuko na kuiendea kwa mwendo wa kinyonga aya inayoutoboa. Kazi ya raia ni kuhakikisha kwamba orodha inasomwa yote.

UHABA UNA SEHEMU MBILI

Ibara ya 43 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Hatusemi kwamba Katiba inaweza kuleta mvua. Uhaba wa maji una sehemu mbili: sehemu ya Mungu na sehemu ya mezani. Mvua ni ya Mungu. Lakini kuamua ni mtaa gani utafunguliwa maji Jumanne na upi utangoja hadi Ijumaa, mabomba yatapita wapi, nani ataruhusiwa kuchimba kisima na maji yake yatapimwa na nani, hayo huamuliwa na binadamu walioketi mezani.

Nakuru ilitangazwa kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 2,162,202 katika kaunti nzima. Jiji hili hutegemea kwa sehemu kubwa visima virefu kama vile vya Kabatini, Baharini na Olobanita. Maji ya ardhini katika Bonde la Ufa yana adha yake: mengi yana madini ya floridi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kipimo ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisipitwe. Matokeo yake mnayaona katika meno ya kahawia ya watoto wetu, na kwa waliokunywa maji yenye floridi nyingi mno kwa miaka mingi, katika mifupa. Basi asije mtu akatuambia kwamba kuchimba kisima kumemaliza tatizo. Kisima kisichopimwa kinaweza kutunyima afya huku kikitupa maji.

Palikuwa na matumaini ya Bwawa la Itare kule Kuresoi, lililokusudiwa kutoa mita za ujazo 100,000 kwa siku kwa ajili ya Nakuru na miji jirani. Ujenzi ulizinduliwa mwaka 2017, ukakwama mwaka 2018 mkandarasi kutoka ng'ambo alipoingia katika matatizo ya kifedha. Hiyo haikuwa sehemu ya Mungu. Ilikuwa sehemu ya mezani. Na mradi mkubwa unapokwama, mzigo hauwaangukii waliotia saini. Humwangukia mama anayenunua mtungi wa lita 20 kwenye mkokoteni wa punda.

Kwa hiyo, ndugu zetu, mgao wa maji ni sheria, hata kama haujaandikwa. Unagawa haki. Unaamua nani ataoga na nani atangoja.

MBWA NA DAKIKA KUMI NA TANO

Tugeukie mbwa. Kiamunyi ya leo ni mitaa ya viwanja vilivyokatwa kutoka mashambani, na wengi wetu tunafuga mbwa kwa sababu ya wezi, si kwa anasa. Tunaposikia habari za vibali na ada, tunahisi tunaonewa. Lakini haki haisimami kwa mguu mmoja. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa nchini Kenya mapema, mwaka 1912, na hadi leo hakijaisha. Dalili zikishamtokea mtu, ni nadra mno apone. Karibu visa vyote vya binadamu hutokana na mbwa. Wataalamu wanasema kwamba tukichanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa hukosa njia ya kusambaa. Ndiyo sababu taifa lilijiwekea mwaka 2014 mpango wa kuukomesha ifikapo 2030. Basi kanuni ya kuchanja mbwa ni kanuni ya haki. Anayeikataa kwa sababu tu imetoka serikalini hajui anachokipigania.

Sasa sikilizeni jambo ambalo halisomwi katika matangazo ya vibali. Mtu anapoumwa na mbwa, hatua ya kwanza kabisa, kabla hata ya kwenda kudungwa sindano, ni kulisafisha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15. Dakika 15 za maji! Katika nyumba ambayo mfereji wake haujatoa tone tangu wiki iliyopita, maji hayo yatatoka wapi? Mnaona sasa kwa nini tulisema ni orodha moja? Kanuni ya mbwa bila maji ni nusu ya kanuni.

YA KIEMBESAMAKI

Tuna mfano wa kihistoria wa hatari ya kulazimisha hata jambo lenye faida. Mwaka 1951, chini ya utawala wa Waingereza, serikali ya Zanzibar iliamuru ng'ombe wote wachanjwe dhidi ya kimeta. Kitabibu, chanjo ile ilikuwa na maana. Lakini wakulima wa Kiembesamaki walikuwa tayari na uchungu wa ardhi yao kuchukuliwa kwa ajili ya uwanja wa ndege, na hakuna aliyekaa nao kuwaeleza. Wakakataa. Wakashtakiwa. Mwezi Julai umati ulijaribu kuwaokoa waliohukumiwa, polisi wakafyatua risasi, watu wakafa. Wazanzibari wanaviita Vita vya Ng'ombe. Na kutoka kijiji hicho hicho kikachipuka chama kilichokuja kuwa Zanzibar Nationalist Party.

Tafakarini. Dawa ya ng'ombe, ambayo mazungumzo yangeiwezesha kukubalika, ilimwaga damu kwa sababu ililetwa na bunduki.

KOSA LETU WENYEWE

Lakini mkoloni alikwishaondoka. Tusimtumie daima kuwa kioo cha kuwatazama wengine tu. Leo tunataka kukiri kosa letu.

Katika kiangazi kimoja, maji ya kisima cha pamoja mtaani kwetu yalipungua. Tulikuwa wanakamati watano. Tulikutana usiku, sebuleni, tukanywa chai, na kabla ya saa nne tulikuwa tumeandika kanuni. Ilikuwa imeandikwa vizuri, kwa kuwa miongoni mwetu palikuwa na wakili. Kila nyumba ingepata maji siku mbili kwa wiki. Nyumba yenye mbwa zaidi ya mmoja ingelipa mara mbili, kwa hoja kwamba wanyama wanakunywa maji ya watu. Asiyelipa angefungiwa vali. Asubuhi tukaibandika langoni.

Hatukumwuliza mtu. Sisi, ambao tumesimama mbele ya mahakama tukidai kwamba wananchi washirikishwe, hatukumwuliza mtu! Tulijiambia kwamba kulikuwa na dharura, na kwamba tunawajua majirani wetu. Hivyo ndivyo kila mtawala anavyojiambia.

Yakatokea mambo mawili. La kwanza, majirani kadhaa waliwafungulia mbwa wao wa pili na wa tatu, wakawaacha wazurure, ili wasilipe mara mbili. Mbwa hawakupungua, waliopungua ni wenye mbwa. La pili, bibi mmoja mzee anayelea wajukuu, aliyekuwa na mbwa watatu kwa sababu alikuwa ameibiwa mara mbili, hakuweza kulipa wala hakukubali kuwafukuza. Tukamfungia vali.

Baada ya majuma matatu mjukuu wake aliumwa mguuni na mmoja wa mbwa wale wazururaji, akirudi na mtungi. Alifikishwa nyumbani, na nyumbani hamkuwa na maji. Mtungi ulikuwa umemwagika njiani. Jirani alikuja mbio na ndoo yake. Tunamshukuru Mungu, mtoto alipelekwa zahanati, akadungwa sindano zote, na yu hai, anasoma.

Tulipokwenda kumpa pole, bibi hakutufokea. Alitukaribisha, akatuuliza swali moja: "Wakili, mwanangu, mlipoandika ile karatasi, mlimwuliza nani?" Hatukuwa na jibu. Kisha akasema, "Mngeniuliza mimi, ningewaambia kwamba watu watawatupa mbwa."

Hapo ndipo tulipolielewa somo ambalo hatukulipata chuoni. Tulizoea kuutetea ushiriki wa wananchi kama heshima anayopewa mtu. Ni heshima, naam. Lakini pia ni maarifa. Yule bibi alijua jambo ambalo wanakamati watano na shahada zao hawakulijua.

Tuliifuta kanuni. Tukaitisha mkutano Jumapili alasiri, kila nyumba ikaalikwa, hesabu za kisima zikasomwa hadharani. Maji hayakuongezeka hata tone. Lakini ratiba ilipangwa na wote, wenye wagonjwa na watoto wachanga wakafikiriwa, na ikakubaliwa kwamba hakuna nyumba itakayofungiwa kabla ya mwenyewe kusikilizwa. Na mbwa wote wakaletwa kuchanjwa siku moja, wa bibi wakiwa wa kwanza.

MAHAKAMA IMESEMA

Msidhani haya ni mawaidha tu. Ni sheria. Mwaka 2014, katika kesi iliyofunguliwa na Robert Gakuru na wenzake, Mahakama Kuu chini ya Jaji George Odunga iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Jaji alieleza kwamba bunge la kaunti halina budi kuwatafuta watu mahali wanapokutana: makanisani, misikitini, barazani, redioni. Mahakama ya Rufani iliunga mkono uamuzi huo mwaka 2017. Nayo Mahakama ya Juu, mwaka 2019, katika kesi iliyohusu kanuni za tumbaku, ilisisitiza kwamba ushiriki uwe wa kweli, usiwe wa kutimiza desturi tu.

Ushiriki haumaanishi kwamba kila anayesema "sitaki" atashinda. Unamaanisha kwamba umepewa habari mapema, umesikilizwa kwa uwazi, na maneno yako yamepimwa kabla ya kalamu kushuka.

MASWALI MANNE

Basi siku mtakapoletewa kanuni yoyote, iwe ya mgao wa maji, ya ada, ya mbwa au ya mifugo, na iwe imetoka kwa kaunti, kwa kampuni ya maji au kwa kamati ya mtaa wenu, ulizeni maswali manne.

La kwanza: nani aliulizwa, na lini? Kuitwa baada ya uamuzi ni kualikwa kwenye karamu sahani zikioshwa.

La pili: sababu na hesabu ziko wapi? Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 zinampa raia haki ya kudai habari zilizoko mikononi mwa serikali. Ulizeni pia zielezwe kwa Kiswahili, kwa maana Ibara ya 7 inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi.

La tatu: atakayeadhibiwa atasikilizwa wapi? Ibara ya 47 inadai uamuzi wa kiutawala uwe wa haki, na anayeumizwa nao apewe sababu kwa maandishi.

La nne: kanuni hii inambana nani? Kanuni njema ina ncha mbili. Ikinitaka raia nichanje mbwa, nayo iseme daktari wa mifugo atafika lini na wapi. Ikimwadhibu anayechelewa kulipa maji, nayo iseme mtoaji maji atawajibikaje anapovunja ratiba yake mwenyewe.

Majibu yakikosekana, msirushe mawe. Andikeni. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinampa kila mtu haki ya kuliomba bunge la kaunti litunge, lirekebishe au lifute sheria. Ukurasa mmoja wenye hoja na saini za majirani unatosha kuanza.

Nasi tuna yetu ya kutimiza. Tuchanje mbwa wetu, tusiwatupe barabarani. Tusifungue vali usiku wakati wa zamu ya wengine. Tulipe tunachodaiwa kihalali. Na tuhudhurie mikutano, hata ile ya kuchosha, kwa maana kiti chako kikiwa kitupu, mtu mwingine atakikalia na kusema kwa jina lako.

Wazazi wetu walisimama foleni mwaka 1992 ili wawe na uhuru wa kuchagua chama. Hawakusimama ili tupate watawala wengi wadogo badala ya mmoja mkubwa, wala ili sisi wenyewe tuwe hao watawala wadogo, sebuleni, usiku, juu ya chai. Kila mara tunaposhika kalamu kuandika kanuni ya watu wengine, tulikumbuke swali la bibi yule: mlimwuliza nani?